Kamera Zisizo na Mkanda

Kamera ya kwanza niliikuta ndani ya mkoba wa ngozi ya bandia, rangi ya damu ya mzee, pale Manzese. Miaka ile mitumba ilikuwa imeruhusiwa, na kila mwenye turubai la kutandika chini alikuwa mfanyabiashara. Wenzangu walikimbilia mashati na magauni. Mie nilichagua mikoba ya kike, kwa sababu nilikuwa nimeona kwamba mwanamke wa Dar, hata awe hana kitu, hatoki nyumbani bila mkoba. Ubaya wa robota la mikoba ni kwamba hulijui mpaka umelipasua. Unakuta vishikio vimekatika, zipu zimeshika kutu, bitana imeliwa na panya. Nikawa na kawaida ya kupapasa mifuko yote ya mkoba kabla sijautundika. Nilishakuta vitana, rangi za mdomo zilizoyeyuka, leso zenye manukato ya watu nisiowajua. Siku hiyo nikakuta kitu kirefu, bapa, kama kipande cha sabuni ya mche.

"Redio hiyo," akasema mama aliyekuwa akiuza mashuka pembeni yangu.

"Redio gani haina spika?"

"Ya kisasa. Peleka kwa fundi."

Nikaipeleka kwa fundi redio. Alikuwa na kibanda cha mbao ng'ambo ya barabara, mwembamba, mpole, amekaa katikati ya redio zilizofunuliwa matumbo. Nilikuwa nimempita mara nyingi bila kumtazama. Akaigeuza mkononi, akacheka kidogo, lakini hakunicheka mie.

"Hii kamera, dada. Tena inakula mkanda wa kaseti, ile kaseti ndogo ya kuchomeka."

Akafungua mlango wa nyuma, akapuliza vumbi, akachovya pamba kwenye spiriti na kupangusa kioo chake polepole kama anayempangusa mtoto jicho. Kisha akabonyeza. Ikalia, chak.

"Nzima kabisa," akasema. "Sasa mkanda wake ndiyo sijui utaupata wapi. Kaulize mjini."

Nikaenda mjini, kwenye studio moja ya familia ya Wahindi ambako watu walisafishia picha za harusi. Mzee wa pale, mwenye kofia nyeupe na miwani mizito, aliipokea kwa mikono miwili. "Binti, mkanda wa hii sijauona siku nyingi," akaniambia. "Siku hizi wote wanatumia mkanda wa kuzungusha. Hii weka pambo nyumbani."

Nikarudi kumweleza fundi. Alinisikiliza hadi mwisho, akaitazama ile kamera mezani, akasema, "Maskini. Pole yake."

Wanawake wengine huniambia walipenda sura, au mwendo, au maneno. Mie nilimpenda yule bwana hapo, alipoipa pole kamera.

*

Tulioana, tukapanga vyumba viwili kwenye nyumba moja ya ukumbi mrefu hapo hapo Manzese, yeye na redio zake, mie na mikoba yangu. Kamera ile aliiweka juu ya kabati la vyombo, kwenye kitambaa nilichokitarizi mwenyewe. Haikukaa pekee muda mrefu. Marobota yalikuwa yanaingia kwa wingi, na kumbe huko yalikotoka watu walikuwa wanatupa kamera zao ndogo kama sie tunavyotupa viberiti vilivyokwisha. Nyingine nilizikuta mikobani. Nyingine zilikuja kwenye magunia ya vitu mchanganyiko, pamoja na pasi, saa za mezani na wanasesere waliokatika mikono. Hakuna aliyezitaka. Wauzaji walituachia kwa chochote, mara nyingine walituongezea kama nyongeza ya nyanya.

Jumapili ilikuwa siku yetu. Tulitoka asubuhi, tukaenda Tandika, au Temeke sokoni, au Ilala, tukatembea katikati ya meza za mitumba. Yeye alitazama meza, mie nilipapasa mikoba. Akiiona moja hakusema kitu, alinigusa tu kiwiko. Nami nilijifanya nauliza bei ya kitu kingine kabisa, sufuria au mwavuli, halafu ndiyo ninaijia ile kamera kama aliyeiona kwa bahati. Tukishaipata tulijizuia kucheka mpaka tupite kona.

Zilikuwa na maumbo ya ajabu. Iliyokuwa bapa kama kisahani, mkanda wake ulikuwa wa duara. Nyingine ilifungwa kwa kuteleza kama kisanduku cha kiberiti. Moja ilikuwa na tundu la mraba juu ya kichwa la kuwekea kitaa kinachowaka mara moja na kufa. Kuna iliyoandikwa jina la mtu kwa kalamu ya wino chini ya tumbo lake, mwandiko wa kitoto, na mume wangu alikataa kulifuta. "Mwenyewe yuko mahali fulani," alisema. "Tumemtunzia." Betri zilizosahaulika humo zilikuwa zimevuja na kugeuka ukoko wa kijani, naye aliukwangua kwa ncha ya bisibisi, ulimi umetoka pembeni ya mdomo.

Siku ya Idi nilivaa gauni la hariri, nikajipaka hina, naye akanitoa nje ya nyumba akazipanga kamera zote kwenye ngazi. Akanipiga picha kwa kila moja. "Sogea kwenye mwanga, mke wangu. Cheka. Aa, hiyo si kucheka." Majirani walitoka kutazama. Mwenye nyumba wetu, mwanamke wa Kizaramo mwenye mdomo mwepesi, alisimama mlangoni na bakuli lake la uji.

"Hizo picha tutaziona lini, jamani?"

"Hazitoki, mama," mume wangu akamjibu. "Hazina mkanda."

"Sasa hapo juani anacheka nini?"

"Anacheka tu."

Ukumbi wote ulikufa kwa kicheko. Kuanzia siku ile wakanipa jina, Mama Kamera. Kwetu mwanamke aliyeolewa haitwi jina lake, huitwa kwa mtoto. Mie mtoto nilikuwa bado, basi wakanipa kamera. Nililipokea kwa furaha. Nilikuwa mgeni wa ndoa, na nilidhani ni jina la kupita.

*

Jina halikupita. Wenzangu wa ukumbi ule walioolewa baada yangu walizaa, wakaitwa mama wa fulani, wakazaa tena. Mie nikabaki Mama Kamera. Tulikwenda hospitali, tukapimwa wote wawili, tukaambiwa hatuna ugonjwa, tuvute subira. Mama yangu alinitafutia dawa za mizizi. Nilikunywa vyungu vyake vyote, nikasoma dua zote nilizoelekezwa. Kila mwezi nilikuwa na siku moja ya kujifungia chooni na kulia bila sauti, nikifungulia maji kwenye ndoo ili nisisikike.

Mume wangu hakuwahi kunilaumu hata kwa jicho. "Mie sina haraka," alisema. "Mungu hacheleweshi." Mama yake alikaa Kibamba, wakati huo ni mashamba na mikorosho tu. Kila tulipokwenda kumsalimia alinipokea vizuri, akanifungia mihogo na majani ya kisamvu ya kurudi nayo. Lakini wakati wa kuagana alikuwa akiweka kiganja chake tumboni mwangu, kidogo tu, juu ya khanga, kisha anakiondoa bila neno. Ningependa angesema. Neno ningelijibu.

Nadhani ndiyo miaka tuliyotafuta kamera kwa nguvu zaidi. Kabati lilijaa, tukaongeza ubao ukutani. Jumapili tulirudi jua limezama, tumechoka, tumebeba kitu kimoja kidogo kimefungwa kwenye gazeti, na njia nzima tulizungumzia hicho tu. Sasa naona kwamba tulikuwa na jambo moja kubwa la kuzungumza na tuliliweka chini ya vitu vidogo vingi. Wakati ule sikuona. Niliona tu kwamba nina mume anayenigusa kiwiko.

Halafu akaanza kwenda Kibamba mwenyewe. Mama yake anaumwa miguu, alisema, na kuna ukuta wa kusimamia. Sikuona neno. Mtu na mama yake.

*

Aliniambia Jumapili moja alasiri. Siku hiyo hatukutoka, kulikuwa na mvua. Tulikuwa tumekaa mkekani, kamera zimetandazwa mbele yetu, yeye anafungua, mie napangusa.

"Mke wangu."

"Abee."

"Nina neno."

Nikainua uso. Alikuwa ameshika bisibisi lakini hafungui kitu.

"Kule Kibamba kuna mtu."

"Mtu gani?"

"Mwanamke. Nimemuoa. Kwa shehe wa kule kule." Akaweka bisibisi chini. "Na amejifungua. Mtoto wa kike."

Mvua ilikuwa inapiga bati, na nilitamani ipige zaidi nisisikie lingine. Nilikuwa na pamba yenye spiriti katikati ya vidole, na ubaridi wake ulikuwa unanipanda mkononi. Maswali yalikuwa mengi. Lililotoka halikuwa hata moja katika hayo.

"Mzima?"

"Mzima."

"Alhamdulillahi," nikasema. Mdomo ulijisemea wenyewe, kwa mazoea ya malezi.

Hapo ndipo alipolia. Mie sikulia. Nilimaliza kupangusa ile kamera, nikaifunga, nikaichukua inayofuata.

"Sema kitu," akasema. "Nitukane."

"Nikutukane nini? Umeoa. Dini imekuruhusu."

"Mie nakupenda."

"Najua," nikamwambia. Na ni kweli nilijua, na kama nisingejua ingekuwa rahisi zaidi.

Nilijaribu. Nataka hilo lijulikane. Nilikuwa bi mkubwa, nikagawana siku na mwenzangu ambaye sijamwona. Siku zake za Kibamba nililala na taa ikiwaka. Siku zangu nilipika alivyopenda. Tukaendelea kutoka Jumapili zilizoangukia kwangu, lakini akinigusa kiwiko nilishtuka, kama mtu aliyeguswa na mgeni, naye aliona. Ukumbini walijua kabla sijawaambia. Mwenye nyumba, yule wa maneno mepesi, aliacha kabisa kuniita Mama Kamera, akawa ananiita mwanangu. Huruma yake iliniuma kuliko utani.

*

Nilichelewa sana kwenda kumwona mtoto. Nilikwenda ameshaanza kutembea. Nilinunua gauni dogo jeupe na viatu vidogo vinavyolia mtoto akitembea, nikafuatana na mume wangu mpaka Kibamba.

Nilikuwa nimejiandaa kwa mwanamke wa kumchukia. Aliyetoka mlangoni alikuwa msichana mdogo, amejifunga khanga kifuani, mikono ina unga. Alipiga goti.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu."

"Karibu. Karibu sana. Nilisema huenda hutakuja."

Macho yake yalikuwa na hofu, na nikajua kuwa na yeye, kama mie, hakulala usiku uliotangulia. Mama mkwe akanikumbatia kwa muda mrefu kuliko desturi. Tukakaa barazani, tukapewa maji ya madafu. Mtoto alikuwa uani anacheza, tunasikia sauti yake tu. Kisha akatokea pembe ya nyumba, anakwenda kwa kuyumba, nyuma yake anakokota kitu kwa kamba. Kitu kinaruka juu ya mchanga na kuanguka, kinaruka na kuanguka.

Ilikuwa kamera. Ile ya kwanza, ya mkoba wa damu ya mzee. Kamba ilikuwa imepitishwa kwenye tundu lake la mkanda wa mkononi. Mlango wa nyuma umeng'oka na tumbo limejaa mchanga.

Nilimtazama mume wangu. Alikuwa ameangalia chini, anachora sakafu kwa kidole cha mguu. Nilikuwa nimeona nafasi yake wazi pale kabatini, nikadhani ameipeleka kibandani.

"Anaipenda hiyo," akasema mama mkwe, kwa furaha, hakujua lolote. "Analala nayo. Baba yake alimletea siku ana homa, akanyamaza hapo hapo."

"Mpokonyeni, atatuumbua mbele ya wageni," akasema mke mwenzangu, akainuka.

"Mwache," nikasema. "Mtoto hapokonywi."

Akanijia mwenyewe. Watoto hawana habari na mambo ya watu. Akasimama mbele ya magoti yangu, akanyoosha ile kamera juu ili nami nione, kisha akanipandia, akajilaza kifuani. Alinukia jasho na maziwa. Alikuwa na masikio ya baba yake, yale yale yaliyochomoza kidogo, ambayo nilikuwa nimeyawazia miaka yote juu ya kichwa cha mtoto mwingine. Akalala hapo hapo. Nikakaa bila kujisogeza, mkono wangu ukafa ganzi, na sikutaka mtu aje kumchukua. Mama yake alipokuja kumpokea nilimkabidhi, na kifua changu kikabaki na joto lake, kisha likapoa.

Tuliporudi, hata mkoba sijaweka chini, nilimwambia mume wangu, "Naomba uniache."

"Kwa sababu ya kamera?" akauliza. "Nitaitengeneza. Nilikosa, ningekuomba kwanza."

"Si kamera."

"Nini basi? Wamekukosea?"

"Hakuna aliyenikosea. Wamenipokea vizuri." Nilikaa kitandani. "Nimempenda mtoto. Nikibaki nitampenda na kumrudisha, nimpende na kumrudisha, kila mara. Mwisho nitamchukia. Naye hajanifanya kitu."

Alinisihi muda mrefu. Alileta wazee, alileta mama yangu. Mama yangu alinitazama usoni, akawaambia wazee, "Mwacheni mwanangu arudi nyumbani." Mume wangu akaniandikia talaka moja, akitumaini kwamba kabla eda haijaisha nitakubali anirejee. Eda ikaisha.

Siku ya kuhama alizifunga kamera zote kwenye makaratasi na kuzipanga kwenye maboksi.

"Chukua," akasema. "Wewe ndiye uliyezianza."

"Tugawane."

"Nikizitazama nitafanyaje?"

Nilizichukua.

*

Mama yangu alikaa bondeni, upande wa Tandale, kwenye nyumba ndogo karibu na mto ambao kiangazi ulikuwa mfereji wa takataka tu. Maboksi niliyasukuma chini ya kitanda. Kazi yangu niliendelea nayo, na njia yangu ilibadilika nisipite mbele ya kibanda chake cha redio. Nilisikia kwamba siku hizi ana televisheni nyingi kuliko redio, na kwamba anahangaika kila jioni kurudi Kibamba. Kamera za mitumba zilizidi kuja. Sikuwahi kuokota nyingine.

Kisha zikaja mvua zile ambazo wa rika langu hawahitaji kukumbushwa. Mto uliingia ndani alfajiri. Tulimwinua mama juu ya meza, mie na majirani, tukabeba tulichoweza. Maji yalipopungua yaliacha tope mpaka usawa wa goti, jeusi, lenye harufu ya kila choo cha bonde zima. Maboksi yalikuwa yamegeuka ujiuji. Nikazitoa kamera moja moja kwa kupapasa ndani ya tope, nikazipanga kwenye karai kama samaki wa kuuza.

Nilikuwa nimeketi uani nazitazama nilipomwona ameinama kupita chini ya kamba ya nguo. Alikuwa amekunja suruali, tope limempanda mpaka magotini. Mkononi ana mfuko wenye bisibisi, pamba na chupa ya spiriti.

"Nimesikia bonde lote limeingia maji," akasema. "Mama hajambo?"

"Hajambo. Yuko ndani anaosha vyombo."

"Na wewe?"

Nikaonyesha karai.

Akakaa chini. Hakuniomba ruhusa, nami sikumkaribisha. Akaanza kufungua, mie nikaanza kupangusa. Ilikuwa mara ya kwanza kuketi pamoja tangu tuachane. Maji machafu yalichuruzika kutoka kila moja. Vioo vilikuwa vimeingia ukungu, springi ndogo za ndani zimejaa mchanga. Alikuwa akibonyeza, anasikiliza, anabonyeza tena, anaiweka upande wa kushoto. Upande wa kushoto uliendelea kujaa.

"Mtoto hajambo?" nikauliza.

"Hajambo. Ameanza shule ya vidudu. Anaimba kutwa."

"Na mama yake?"

"Hajambo. Mjamzito."

"Mungu amfungue salama."

"Amin."

Tukaendelea. Mama akatuletea chai, akamsalimia kwa heshima kama mgeni yeyote, akarudi jikoni, na muda si mrefu nikasikia harufu ya nazi. Alikuwa anapika wali. Kwa sufuria la majirani, kwa mchele wa kupewa, alikuwa anampikia.

"Watu wanasema mama yangu alinilazimisha kuoa," mume wangu akasema. Sijui kwa nini namwita mume wangu hapa. "Nimewaacha waseme hivyo. Hakunilazimisha. Nilitaka mtoto. Nilikuwa naamka nimemtaka."

"Na mie nilikuwa naamka nimemtaka."

"Kwa nini hatukuwa tunaambiana?"

Nilikuwa na kamera mkononi, ile yenye jina la mtoto wa watu tumboni, na wino ulikuwa umetoka wote. Aliiona nilivyoiona. Akaweka mkono wake juu ya wangu, wenye tope juu ya wenye tope, na hatukutazamana. Kulikuwa na wakati, mfupi, ambapo kama angesema twende, ningekwenda popote, Kibamba, popote, nikapewa pembe yoyote ya nyumba. Hakusema. Alikuwa mtu mwema, na alishajua jibu langu la kesho yake.

Zilizopona zilikuwa chache, na hata hizo zililia kama zenye mafua. Jua lilikuwa linashuka. Akanawa mikono kwenye beseni, akapangusa bisibisi zake, moja moja.

"Ngoja kidogo, chakula kinaiva," nikamwambia.

"Njia imekatika kule mbele. Nikichelewa sitafika."

"Haya."

"Zile nyingine usiumie nazo. Zimeoza ndani."

"Nimesikia."

Akasimama kidogo kama aliyesahau kitu, akasema, "Haya, bibie," neno ambalo hakuwahi kuniita, neno la mtu na mke wa watu. Akainama chini ya kamba ya nguo. Nilisikia miguu yake ikichomoka kwenye tope mpaka sikuisikia tena.

Mama akatoka na sahani mbili. Moja ilikuwa imefunikwa kawa, kubwa kuliko nyingine, na kipande cha samaki cha upande wa kichwa.

"Ameondoka?"

"Ameondoka, mama."

"Hajala."

"Hajala."

Alisimama na sahani zile mikononi, akitazama upande alikopita. Kisha akaketi kwenye jiwe pembeni yangu, akafunua kawa, akasukuma mbele yangu sahani iliyokuwa ya mgeni. Tukala sie wawili, wali ukiwa bado wa moto.